Boti ya Upepo na Maji ya Jumapili

Mzee Aminiel Mbwambo alikuwa na miaka sitini na minne, chuma kimoja kwenye nyonga ya kulia, na ugonjwa mmoja usio na dawa: kuvua samaki kwa nzi wa manyoya. Chuma aliwekewa hospitalini miaka miwili iliyopita. Ugonjwa aliupata ujanani, alipokuwa dereva wa mradi wa barabara, kwa mhandisi mmoja mgeni ambaye kila Jumamosi alitaka apelekwe mtoni, akasimama majini kutwa nzima akipunga fimbo hewani kama anayefukuza nyuki. Mwaka wa kwanza Aminiel alimcheka. Mwaka wa pili alimwomba amfundishe. Mkataba ulipokwisha, mhandisi akarudi kwao na kumwachia fimbo, kigurudumu cha kukunjia mshipi na kisanduku cha ndoana ndogondogo. Mpaka leo vitu hivyo vinakaa kabatini, mahali ambapo watu wengine huweka hati ya shamba.

Kwa asiyeujua uvuvi huu, nzi mwenyewe si nzi. Ni ndoana iliyofungwa manyoya na uzi mpaka ifanane na mdudu aliyeanguka majini. Mvuvi huirusha mbele na nyuma kwa mshipi mrefu, mpaka itue juu ya maji taratibu na kumdanganya perege. Aminiel alikuwa fundi wa kuwafunga wadudu hao. Uzi aliuchukua kwenye cherehani ya mkewe bila kuomba, na manyoya aliyang'oa kwa jogoo wa mkewe, ambaye naye hakuombwa. Kule Vudee, milimani juu ya Same, jogoo wa nyumba ile alijulikana na kila mtu, maana ndiye pekee aliyetembea bila mkia na bado akawika kwa majivuno.

Mkewe, Beatha, alikuwa fundi cherehani na mwanamke wa maneno machache. Alivumilia habari ya uzi, akavumilia habari ya jogoo, akavumilia hata ile tabia ya mumewe ya kuwarudisha majini samaki wadogo ilhali nyumbani kuna makande matupu. Kilichomshinda kilikuwa kimoja, nacho hakukisema.

Miaka miwili iliyopita Aminiel alikwenda bwawani peke yake, chini tambarare, mwendo wa saa nzima kwa pikipiki kutoka Same. Aliteleza ukingoni, nyonga ikavunjika, akalala kwenye tope tangu saa mbili asubuhi. Siku hiyo Beatha alikuwa Same kununua vitambaa. Alipiga simu mpaka akachoka, akapanda pikipiki, akashushwa barabarani na kuteremka kwa miguu, akamkuta mumewe hapo saa nane mchana. Alimshika kwapani akamvuta, lakini mwanamume hakusogea hata shubiri. Ikabidi amwache palepale akimbilie watu, na watu wenyewe walipatikana mbali. Kisa hicho kilisimuliwa sana nyumbani kwao, na msimuliaji siku zote alikuwa Aminiel, aliyekigeuza kichekesho: jinsi kambale walivyotoa vichwa kumchungulia, jinsi alivyokataa kuachia fimbo hata alipobebwa. Wageni walicheka mpaka wakajishika mbavu. Beatha alikuwa akishona tu. Yeye hakuwahi kukisimulia hata mara moja.

Daktari alimkataza kusimama kwenye tope na kutembea kwenye kingo za utelezi, na bwawa lile, ukiondoa tope na utelezi, linabaki na matete. Kwa hiyo kwa miaka miwili Aminiel alifunga nzi ambao hawakurushwa popote. Alisimama uani akiirusha ndoana isiyo na ncha kwenye beseni la kuku, na kuku wakamzoea. Alikonda. Alianza kuwa mtu wa kukaa kibarazani akitazama barabara isiyomletea mtu, na binti yao Irine alipopiga simu kutoka Dodoma alimuuliza mama yake kama baba anaumwa. Haumwi, alijibiwa, hana pa kwenda tu.

Ndipo ilipoingia habari ya boti. Salehe, muuzaji wa vitu vya kambi vilivyokwisha kutumika, mwenye duka karibu na stendi ya Same, alimpigia simu kumwambia kwamba amepata boti mbili za kujaza upepo, zile ambazo mvuvi hukaa juu kama amekaa kwenye kiti, maboya mawili marefu kulia na kushoto. Nyonga ingepumzika na tope lingebaki chini. Aminiel alilala usiku ule akiwa tayari amekwisha kuipaka boti rangi kichwani.

Beatha alipoambiwa, alikata uzi kwa meno kwanza. Aliuliza kama bwawani kuna mamba, akaambiwa hakuna mamba wala kiboko. Aliuliza kama mumewe amejifunza kuogelea tangu walipooana, akaambiwa kuna jaketi okozi. Kisha akatoa hukumu yake.

"Nikuone kwanza umekaa ndani yake kwenye maji ya hapa nyumbani, mbele ya macho yangu," alisema. "Nikiridhika, utakwenda bwawani. Nisiporidhika, ile fimbo inakwenda mnadani siku ya mavuno, na hatutaizungumza tena, Baba Irine."

Mnada wenyewe ni ule wa kanisani baada ya ibada, ambapo mikungu ya ndizi na kuku hupandishwa bei kwa vicheko. Aminiel aliwajua majirani zake. Fimbo iliyovuka bahari ingenunuliwa na mtu wa kuangulia maparachichi. Alikubali masharti, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine, lakini kwa shingo upande.

Dukani kwa Salehe alikuta boti zote mbili zimejazwa upepo. Ile kubwa ilikuwa na fremu ya chuma, kiti cha kuzunguka, nanga yenye kamba yake, vishikio vya fimbo viwili na hata tundu la kuwekea kikombe cha chai. Aminiel alikaa kwenye kile kiti nusu saa nzima, akizunguka taratibu, akawaona perege wakijipanga foleni. Ile ndogo ilikuwa maboya mawili mafupi, kiti cha turubai katikati, vyuma vyepesi vinne vya kuunganisha, na makasia mafupi kama miko ya kusongea ugali wa harusi. Alibonyeza maboya, akapaka valvu mate kuona kama zinatoa povu, akakagua mishono kwa jicho la mume wa fundi cherehani. Hakupata kasoro kwenye boti yoyote. Uzito ndio uliowatenganisha ndugu hao wawili: kubwa kilo thelathini na saba, ndogo kilo tisa, na hiyo ndogo ilikunjwa ikaingia kwenye begi la mgongoni.

"Mzee wangu, hii kubwa ni ya mtu mwenye gari," Salehe alimwambia. "Hii ndogo ni ya mtu mwenye mgongo."

Aminiel hakusikia. Moyo wake ulikuwa umebaki kwenye kile kiti cha kuzunguka, na mwanamume aliyependa kiti humwambii kitu. Alipatana na Salehe aichukue boti ya majaribio mpaka Jumatano, akamwita Anold, kijana wa bodaboda aliyezoea njia ya milimani, wakaifunga ile kubwa kwa mipira mpaka pikipiki ikaonekana masikio tu. Walifika mlima wa kwanza. Hapo tairi la mbele likanyanyuka, Anold akaruka kushoto, Aminiel akashuka kulia kwa heshima yote ambayo nyonga ilimruhusu, na pikipiki ikalala chali. Hakuna aliyeumia. Anold alisema kwa adabu kwamba anamheshimu mzee, lakini mama yake bado anamhitaji. Wakageuza.

Ndiyo sababu iliyopanda Vudee ni ile ndogo. Sifa za busara hapa Aminiel hana hata moja, maana njia nzima alikuwa akisuka hila. Beatha alisema anataka kumwona kwenye boti, hakusema boti gani. Basi angefanya mtihani kwa ndogo, afaulu, kisha Jumatano akodi pikapu aibebe kubwa. Hila hiyo ilimfurahisha mpaka akapiga mluzi.

Maji ya kufanyia mtihani yalikuwapo. Nyuma ya shamba lao kuna ndiva, bwawa la kuchimbwa ambalo wazee wa koo waliliacha, linalojazwa na mfereji kutoka mlimani na kufunguliwa kwa zamu ili kumwagilia mashamba ya chini. Aminiel aliijua ndiva ile tangu utotoni. Kila mwaka watu waliitwa kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wakatoa tope kwa majembe na karai, naye akiwa mtoto alizama humo mpaka kiunoni na kuvutwa akiwa hana kiatu kimoja. Alijua pia kwamba Jumapili maji hayafunguliwi. Tangu enzi za babu yake siku hiyo ndiva hujaa na kutulia, kwa kuwa watu wote wako kanisani. Kwa hiyo alichagua Jumapili, saa nane mchana, na hakumuuliza mtu wa kamati ya maji. Amuulize nini, yeye aliyezaliwa hapo? Alisahau tu kwamba miaka thelathini na minne ya maisha yake aliitumia barabarani na Same mjini, na kijiji hakikukaa kumsubiri.

Beatha alikuja na kigoda, kapu la kushona na kamba ya ng'ombe. Kamba aliifunga nyuma ya boti, kwenye pete ya turubai, na ncha nyingine akaizungusha kwenye shina la mparachichi uliopo ukingoni. Aminiel alilalamika kwamba yeye si ndama. Mkewe alikaza fundo. Akavaa jaketi okozi lililomfanya aonekane kama mto wa kochi, akakaa kwenye kiti cha turubai, akajisukuma kwa kasia. Na boti ikaelea.

Ilielea vizuri hata yeye mwenyewe akashangaa. Kiti kilimbeba juu ya maji, miguu ikaegemea kibao chake, nyonga haikulalamika. Alipiga kasia moja, ikageuka. Alipiga mawili, ikaenda. Kisha akachukua fimbo, na mshipi ukaruka nyuma, ukasubiri, ukaruka mbele, nzi wa mkia wa jogoo akatua katikati ya ndiva bila hata kuchafua maji. Ndani yake hapakuwa na samaki, palikuwa na vyura tu, lakini Aminiel hakujali. Miaka miwili mkono wake ulikuwa na njaa. Alirusha tena na tena, akasahau mke, akasahau mtihani, akasahau saa.

Aliposhtuka, aliona ukingo umepanda. Mawe ya ukuta ambayo mwanzo yalikuwa usawa wa bega lake sasa yalikuwa juu ya kichwa. Akili yake ilimpa jibu moja tu: boti inazama. Alibonyeza boya la kulia, likawa gumu. Alibonyeza la kushoto, gumu vilevile. Aliinamisha sikio kwenye valvu, kimya. Lakini ukuta ulizidi kupanda, naye akazidi kushuka. Aliogopa kwa kweli, tena si kifo alichokiogopa zaidi, bali ni kwamba Beatha alikuwa akimwona.

"Baba Irine," Beatha aliita kutoka ukingoni, akiwa amesimama, "kamba yangu iko kwenye tope. Maji yanaondoka."

Na kweli yalikuwa yanaondoka. Chini ya ukuta, upande wa pili ambako ndiva haionekani, Loth Mgonja alikuwa amefungua lango la chuma saa tisa kamili na maji yalikuwa yakikimbilia kwenye tangawizi yake. Loth ni Msabato. Jumamosi haendi shambani, na ndiyo maana kamati ya maji ilimpa yeye na wenzake Jumapili, mwaka wa nane sasa. Kila mwenye zamu ya maji alilijua hilo; hakulijua mtaalamu aliyekuwa ameketi katikati, wala mkewe wa cherehani.

Beatha alipaza sauti kumwita mwenye zamu, lakini sauti haikuvuka ukuta na kelele za maji. Aminiel alipiga kasia kuelekea ukingoni. Kasia la tatu lilizama kwenye kitu kizito na kurudi jeusi. Boti ikagusa chini, ikatulia. Kati yake na majani kulikuwa na hatua kama ishirini za tope tupu linalong'aa, tope ambalo mwaka huo msaragambo ulikuwa bado haujalitoa. Alilijua tope hilo lina kimo gani. Mtu mwenye miguu miwili mizima angelivuka kwa taabu. Mtu mwenye chuma angeanguka hatua ya pili, na chuma kikihama, daktari alisema, hakuna kurudia. Alibaki ameketi juu ya boti yake kwenye tope, fimbo mkononi, bila pa kwenda mbele wala nyuma. Alimtazama mkewe na kuona uso wake umebadilika rangi, na kwa mara ya kwanza kile kisa cha kambale hakikumchekesha.

Beatha hakupiga kelele. Alifungua kamba kwenye mparachichi, akaipitisha kiunoni kama wanavyofanya wanaume wakivuta gogo, akakanyaga mzizi kwa kisigino, akajiegemeza nyuma.

Kwanza hakikutokea kitu. Aminiel alifumba macho. Kisha maboya yakatoa sauti ya kunyonya, tope likaachia, na boti ikateleza. Iliteleza kinyumenyume, shubiri, kisha hatua, kisha hatua mbili, nyepesi juu ya tope kama sahani juu ya meza yenye mafuta. Beatha alivuta, akakusanya kamba, akavuta tena. Alikuwa na miaka sitini na pumzi za cherehani, si za jembe, lakini kilo tisa za boti hazikuongeza mzigo wa kutajika, na mume wake, kusema kweli, alikuwa amekonda. Alimvuta hatua zote ishirini peke yake, naye ameketi wima akiitazama ndiva inayomwondokea, mpaka maboya yakapanda kwenye majani na yeye akasikia ardhi ngumu chini ya kibao cha miguu.

Loth alitokea kwenye ukuta akihema, amepanda kutazama maji yamebaki kiasi gani. Alipomwona Mzee Aminiel amevaa jaketi la rangi ya chungwa kwenye majani, fimbo mkononi, alisimama kwanza. Akaomba radhi, akasema angejua asingefungua, ila Jumapili ni yao siku hizi. Aminiel akamwambia kosa ni la kwake yeye ambaye hakuuliza, na tangawizi haina hatia. Loth akaondoka akijizuia kucheka, na alipofika upande wa pili wa ukuta alicheka vizuri, akasikika mpaka ng'ambo.

Aminiel alijua ameanguka mtihani. Hakusubiri kuambiwa. Alivua jaketi, akaanza kuitenganisha fimbo vipande viwili pale inapounganishwa, taratibu, kama mtu anayeaga, akafikiria maparachichi. Beatha alikuwa bado ameshika kamba. Viganja vyake vilikuwa vyekundu. Aliinama, akashika boti kwa mkono mmoja pale kwenye kiti, akaiinua kidogo kutoka chini, akaishusha. Akaiinua tena. Ndipo akakaa kwenye kigoda na machozi yakamtoka, na Aminiel alitishika kuliko alivyotishika kwenye tope, kwa sababu hakuwa amemwona akilia tangu walipomzika mama yake.

"Siku ile sikuweza," Beatha alisema.

Aminiel alivilaza vipande vya fimbo kwenye majani.

"Nilikushika nikavuta, nikashindwa. Nikakuacha kwenye tope nikakimbia. Nilipogeuka nyuma ulinipungia mkono, kama vile mimi ndiye ninayesafiri. Miaka miwili nauona mkono ule." Alijifuta kwa ncha ya kanga. "Mimi sikutaka kujua kama boti inaelea. Boti zote zinaelea. Nilitaka kujua kama naweza kukurudisha."

Akanyoosha mguu, akaigusa ile boti ndogo kwa kidole gumba.

"Hii hairudi kwa Salehe," alisema.

Aminiel alikaa chini kwenye majani, nyonga ikilalamika, naye asiijali. Alihisi kitu kimeshuka kutoka mabegani ambacho hakujua kama alikuwa amekibeba. Alimweleza kila kitu, ile kubwa, kiti cha kuzunguka, pikapu ya Jumatano, hila nzima. Alimwomba msamaha kwa hila na, akiwa kwenye mkondo huo, akamwomba msamaha kwa jogoo pia. Beatha alimsikiliza mpaka mwisho. Alimuuliza ile kubwa ina uzito gani, akajibiwa, akaitazama ndiva iliyobaki tope tupu, kisha akacheka mpaka akajishika ubavu. Miaka miwili nyumba ile haikuwa imemsikia akicheka hivyo. Palepale Aminiel akampigia simu Salehe, akamwambia ile kubwa amtafutie mtu mwenye gari.

Alhamisi Anold aliwapeleka bwawani kwa awamu mbili, kwanza mama na kapu lake, kisha mzee na begi la mgongoni. Kamba ya ng'ombe ilikuwa imeunganishwa na nyingine, na hiyo nyingine na ya kuanikia nguo. Beatha aliweka kigoda chake pakavu, nyuma ya matete yaliyofyekwa, akafunga ncha kwenye mguu wa kigoda, akakaa juu yake. Aminiel alipiga makasia mpaka kamba ikakaribia kunyooka. Perege wa kwanza alikuja kabla ya saa nane, mpana kama kiganja; Aminiel akamshika, akamtazama, akamwachia.

Akageuka kuona kama ameonekana, akampungia mkewe mkono. Beatha naye alimpungia, akavuta kamba kidogo kuona kama iko sawa, kisha akaendelea kushona.